Kumchongea Kijana Mlango wa Ulimwengu wa Pili

Karakana yangu iko Langoni, hapa Amu, yaani Lamu, hatua chache kutoka ufukoni. Nachonga milango. Baada ya Alasiri, patasi zikishapanguswa, vijana sita au saba huja kuketi barazani na madaftari yao, tukaandika hadithi mpaka adhana ya Magharibi. Hadithi wanayoirudia mwaka hata mwaka ni ile ile: kijana wa kawaida, wa sare ya shule na kutumwa dukani, anagundua kwamba katika ulimwengu ulio sambamba na huu yeye ni mrithi wa kiti, ana damu ya wafalme, na damu hiyo ina nguvu. Naipenda hadithi hii. Kila mtoto aliyewahi kuambiwa "wewe nawe ni nani?" ana haki ya kuiandika. Ila nimeiona ikifia ukurasa wa tano, kwao na kwangu mwenyewe, nami nataka kuwaeleza mnaoanza namna ya kuifikisha mwisho ikiwa hai.

Yangu ya kwanza nilimwandikia binti yangu alipokuwa na miaka 12, amelala na homa. Niliweka ngome ya minara, theluji hadi magotini, na farasi mweupe. Theluji sijapata kuigusa. Alisikiliza kurasa 3, akageuza uso, akaniuliza, "Baba, huko wanakula nini?" Nikakosa jibu. Rangi ya joho la mfalme nilikuwa naijua, lakini kinachopikwa jikoni mwake asubuhi sikukijua. Kesho yake nilizichana zile karatasi, nikaanza upya na mkate wa mofa.

Kwa hivyo taji liache kwanza. Andika kurasa mbili za nyumba anamolala kijana wako, na uziandike kama mtu atakayeulizwa mahakamani. Sisi wa Amu tumebahatika kwa hili, maana nyumba zetu za mawe zimejengwa kama zinazoficha jambo. Unaingia dakani, kibaraza cha mlangoni, unapita tekani, ukumbi wa kuingilia, unakunja kona kabla hujauona uwanja, na bado hujafika ndani. Kuna msana, kisha ndani, na nyuma kabisa nyumba kati, chumba kile kisichopata jua, ambamo wazee wetu walizaliwa na wakaoshewa maiti zao. Ukuta mzima umejaa zidaka, vishubaka vya chokaa vya kuwekea vitu, safu juu ya safu. Kuna wikio, chumba kinachovuka njia kwa juu kuunganisha nyumba mbili, kiasi kwamba punda anapita chini huku mtu amelala juu. Kijana aliyekulia humo hahitaji kabati la miujiza.

Katika nyumba hiyo weka kitu kimoja kisichotajwa. Kimoja tu. Katika hadithi ninayowafundishia, msichana anaitwa Riziki, ana miaka 14, anakaa Mkomani na nyanya yake. Zidaka zote zina vitu: sahani za kaure, saa mbovu, dawa ya macho, msahafu. Kidaka kimoja, cha safu ya tatu, hakiwekwi kitu. Nyanya hukipangusa kila Alhamisi jioni kwa kitambaa chenye maji ya waridi, kisha hukiacha kitupu. Riziki alipokuwa mdogo aliweka mwanasesere wake pale. Nyanya hakugomba. Alimtoa yule mwanasesere polepole, akampa mtoto halua, akaenda kulia jikoni. Hayo ni maandishi ya nusu ukurasa, na msomaji ameshashikwa, wala hujataja mfalme.

Halafu kuna jambo ambalo vijana wa kiume hunibishia sana: urithi upite wapi. Mimi nasema upite kwa mama. Hapa kwetu desturi ya zamani ilikuwa nyumba ya mawe hupewa binti, na mume ndiye anayehamia kwa mkewe. Nyumba ina wenyewe, nao ni wanawake. Sasa kwa nini siri ya nyumba apewe mtu wa kuja? Akitokea wa kusema mwanamke hakai kitini, mkumbushe Mwana Khadija aliyetawala Pate, kisiwa jirani, katika karne ya 18. Na Mwana Kupona, alipokuwa mgonjwa mnamo 1858, aliyempa usia wa tungo alikuwa binti yake. Mambo makubwa yamepita njia hiyo kwetu tangu zamani.

Sasa mlango. Hapa nitakawia kidogo, ni kazi yangu.

Makosa ninayoyaona kila juma ni mlango unaofunguka wakati wowote kijana anapotaka. Mlango wa namna hiyo hauna thamani, kwa sababu hakuna anayeweza kuukosa. Mlango mzuri una saa yake. Nasi tunaishi juu ya saa kubwa kuliko zote, bahari. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Bamvua, maji makubwa kuliko yote, huja mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu. Katikati yake kuna maji mafu. Nahodha yeyote hapa anakipanga kila kitu kwa hesabu hiyo. Ukienda Takwa, kisiwani Manda, chombo kinaingia kijitoni kati ya mikoko maji yakiwa yamejaa. Ukijisahau huko kwenye magofu, maji yanatoka na wewe unabaki na chombo kimelala matopeni mpaka yarudi. Mpe kijana wako sharti hilo hilo. Mlango wa Riziki hufunguka bamvua tu, maji yakigusa kizingiti, na hufunga yakianza kupwa. Akichelewa, anangoja siku 14 au 15. Kwa sharti hilo moja umepata hofu ya kuachwa, sababu ya kukimbia, na kalenda ya hadithi nzima. Wala msidhani nayatia maji chumvi: mwanzoni mwa karne ya 19, katika vita vya Shela, kijiji cha hapa kisiwani kwetu, majeshi ya Pate na Mombasa yalipogeuka kukimbia yalikuta maji yamepwa na vyombo vyao vimekaa mchangani. Ndivyo ufalme wa Pate ulivyovunjika nguvu.

Onyo moja kuhusu Takwa. Kuna kaburi la nguzo pale, lenye maandishi ya tarehe inayolingana na 1681 au 1682, na watu wa Shela huvuka kwenda kuomba mvua. Kijana mmoja alitaka kulifanya kaburi hilo ndilo mlango, mtu aingie kwa kulipiga teke. Nilimkatalia. Mahali ambapo watu wanainua mikono kuomba hapachezewi kwa ajili ya sura moja ya hadithi. Chukua ukuta uliobomoka, chukua kisima kikavu, chukua mlango wa nyumba iliyokufa wenyewe.

Ukichagua mlango wa mbao, jua unavyoundwa. Una miimo miwili, kizingiti, mbao mbili za kufungulia, na katikati mfaa, ule mti uliochongwa unaofunika mwanya wa mbao mbili. Nakshi hazimo zote mahali pamoja. Kila sehemu ina maua yake. Mbambakofi ukichongwa mbichi una harufu, na vumbi lake linawasha puani. Ukijua haya, huhitaji mwanga mkali. Tazama jinsi kijana mmoja alivyoandika mwanzoni:

"Riziki aliugusa mlango wa ajabu. Mwanga mkali ukatokea na akajikuta katika ulimwengu mwingine. Mzee mmoja akamwambia, Wewe ndiwe malkia tuliyekungojea miaka mingi."

Tukakaa nayo jioni mbili. Ikawa hivi:

"Maji yalipanda ngazi mpaka yakalowesha kizingiti. Riziki alihesabu maua ya mwimo wa kushoto, kama alivyokuwa akiyahesabu tangu utotoni: saba. Akahesabu tena. Manane. La nane lilikuwa jipya, na mbao yake ilinukia kana kwamba patasi imetoka sasa hivi. Akaliwekea kidole. Ndani mtu akakohoa. Kisha sauti ya kikongwe ikasema, 'Ndoo, mwana. Ndia ni hini. Usikanyage kizingiti.'"

Kikongwe anasema Kiamu: njoo, mwana, njia ni hii. Hakuna mwanga, hakuna aliyetaja umalkia, na hatujui kikongwe ni nani. Ila tunataka kuingia.

Na huko ndani kuweje? Hapa watu huhama nchi kabisa, wakaenda kwenye misitu ya baridi. Mimi nasema ulimwengu wa pili uwe Amu hii hii iliyopindishwa mahali pamoja. Pindisha kitu kimoja kizito, mengine yatajipinda yenyewe. Mimi nilipindisha hili: Amu yetu haikuwa na mfalme wa kukaa kitini. Pate ilikuwa na wafalme wake wa Kinabahani, lakini Amu iliongozwa na wazee waliokutana Yumbe, jumba la baraza lao, na pande mbili, Zena na Suudi, zilipokezana uongozi. Basi Amu ya pili ndiyo ile ambayo wazee walishindwa kupatana usiku mmoja, wakamkabidhi mtu mmoja kiti. Tangu hapo Usita wa Mui, njia kuu ya mji, umekuwa na lango katikati, kuna upande wa kuuza na upande wa kununua tu, na majahazi yote yanafunga kwa idhini. Riziki anapoingia anaijua kila kona, na kila kona inamkana. Hofu hiyo ni kubwa kuliko joka lolote.

Chakula: mofa, samaki wa kuchoma, kahawa chungu. Nimeshasema kwa nini.

Ushahidi wa nasaba ndio sehemu inayohitaji jasho. Mtu hawi mwana wa mfalme kwa sababu mzee mmoja amesema. Nani alikubali nasaba kirahisi Uswahilini? Watu watauliza: wa nani, wa nyumba gani, mama yake nani, aliolewa wapi. Acha waulize. Msomaji wako naye anauliza.

Nenda Makumbusho ya Lamu ukasimame mbele ya siwa mbili, yaani baragumu kubwa, ya shaba ya Amu na ya pembe ya ndovu ya Pate. Ile ya pembe inapita kimo cha mtu mzima, na tundu la kupulizia liko ubavuni. Siwa ilikuwa alama ya enzi. Haikulia katika sherehe ya mtu yeyote yule. Habari za Pate zinasimulia juu ya Mwana Darini, aliyetaka siwa kwa sherehe ya mwanawe akanyimwa. Hakulia wala hakurudi kuomba. Alitafuta fundi akamchongea siwa nyingine ya pembe za ndovu. Nikisimama pale huwa nafikiria mikono ya fundi yule kuliko kitu kingine, namna alivyoitoboa pembe bila kuipasua. Kwa mwandishi kisa hiki ni hazina, maana kinaleta swali ambalo hadithi nyingi za warithi hazina: alama ya ufalme ikiweza kuchongwa upya, mrithi wa kweli atajulikanaje?

Ndiyo maana sikuruhusu siwa ilie yenyewe Riziki alipoikaribia. Vijana wote walitaka hivyo. Badala yake, mpinzani wake ana siwa nzuri, mpya, inayolia vizuri. Ya zamani ina ufa. Na mpuliza siwa, mzee mwenye mashavu yaliyolegea, anakataa kuipuliza kwa ajili ya msichana mwenye sare ya shule mpaka amtajie mama zake wa vizazi saba. Riziki hawajui. Anasimama kimya, watu wanaanza kunong'ona. Kisha anakumbuka wimbo wa kubembelezea ambao nyanya alimwimbia, maneno yasiyo na maana, hivyo ndivyo alivyodhani siku zote. Anaanza kuuimba kwa sauti inayotetemeka, na kila neno lililokuwa kelele tupu linageuka jina la mtu. Nilipowasomea vijana sehemu hii, msichana mmoja alisema kwamba bibi yake pia ana wimbo wa namna hiyo, akaondoka kabla ya saa kwenda kumwuliza. Fanya hivyo hivyo. Kabla hujabuni nasaba ya mtu, kaulize ya kwenu, andika majina kwa kalamu, maana mengine yanaondoka na wenyewe.

Sasa nguvu. Chagua neno kwa uangalifu. Ukiandika "uchawi", msomaji wa pwani anaona tunguri, husuda na mtu anayezunguka usiku, na shujaa wako ameshachafuka. Sisi tuna neno karama, tuna neno siri, tuna kipaji. Tumia linalobeba heshima, kisha liwekee bei, na bei hiyo ilipwe nyumbani. Riziki ana karama ya kuyaita maji: akiyaita kule, yanapanda. Lakini kila akiyaita, kisima cha nyanya Mkomani kinaingia chumvi. Mji wetu unakunywa maji matamu yaliyohifadhiwa na machuguu ya mchanga wa Shela, na wazee husimulia kwamba watu wa Takwa waliuhama mji wao maji yalipoharibika, kwa hivyo hofu hii haikutoka hewani. Riziki anarudi kutoka ushindi wake wa kwanza, anamkuta nyanya ameketi na kikombe. Nyanya anaonja chai. Anaitema kidogo kidogo ndani ya kitambaa, mtoto asione. Kurasa zote za vita nilizoandika hazikunishinda kama mistari ile mitatu. Niliiandika upya mara 9.

Kuna jambo gumu ambalo lazima uliandike ukitaka kuwa mkweli. Ukisema ufalme, umesema na watumishi. Nyumba hizi za mawe tunazojivunia, zilizoifanya UNESCO iuweke mji wetu katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, mawe na boriti zake zilibebwa na watu, na wengi wao walikuwa watumwa. Kijana anayegundua ana damu ya wafalme anagundua na hayo. Usiyapite kwa haraka. Katika kisa cha Fumo Liyongo, ambaye mfalme wa Pate alimwogopa asije akamnyang'anya kiti, aliyemwokoa kifungoni ni kijakazi Saada: alibeba mkate wa wishwa wenye tupa ndani, na walinzi waliokuwa wakimnyang'anya vyakula vitamu wakaudharau mkate huo. Bila Saada hakuna shujaa. Tena kisa hicho kilitungwa utendi mwaka 1913 na Muhammad Kijumwa wa hapa hapa Amu, aliyefariki 1945, naye alikuwa mchonga milango kama sisi. Nilipolijua hilo nilipata moyo wa kushika kalamu.

Kwa hiyo kule ng'ambo, wakati watu wanapiga vigelegele, nilimweka mwanamke mchukua maji asiyepiga. Riziki anamfuata mpaka kisimani. "Hufurahi?" anamwuliza. Mwanamke anajibu, "Wafaume huya na kiu, mwana," yaani wafalme huja na kiu. Anamkabidhi ndoo. Sura nzima inayofuata ni Riziki akiteka maji mpaka viganja vinachubuka, na ni hapo anapojifunza njia za mji ambazo wakubwa hawazijui.

Mnaona pia nimewaacha watu wa kule waseme Kiamu cha zamani: ndia (njia), mato (macho), mai (maji), ndoo (njoo). Kinatosha kuonyesha umevuka. Usikijaze mpaka msomaji wa Kisumu au Dodoma ashindwe kufuata. Neno moja au mawili katika sentensi, na maana ijitokeze kwa tendo. Majina nayo yapo tele, Mwana na Bwana na Fumo, hakuna haja ya kuokota ya mbali.

Msimwue nyanya. Kila kijana anayeniletea hadithi hii amewaua wazee ukurasa wa kwanza ili shujaa awe huru. Shujaa mwenye mtu wa kumrudia ana mengi zaidi ya kupoteza. Na kurudi kwenyewe kuwe kugumu. Bamvua ya mwisho Riziki yuko kizingitini, maji yameanza kurudi nyuma, upande mmoja siwa yenye ufa inalia kwa ajili yake, upande wa pili anasikia mtungi ukiwekwa chini na nyanya akiita jina lake, lile la nyumbani. Achague nini? Wangu alichagua, wako achague lake. Ila lolote achague, kidaka cha safu ya tatu kiwe na kitu ndani katika ukurasa wa mwisho, na msomaji ajue ni kitu gani na kimetoka upande upi.

Ukimaliza, usiipeleke popote kwanza. Msomee mtu wa nyumbani kwa sauti, mtu aliye na kazi mikononi. Mimi humsomea mke wangu akishona kofia. Nasoma jicho moja likiwa kwenye sindano. Inapokwenda mbio, nachora mstari pembeni, pale pa kukata. Ilipofika kwenye kikombe cha chai sindano ilisimama, akaiacha imechomekwa kwenye kitambaa, akasema, "Hebu rudia hapo."